BOMBA LIMEPOZEWA ARDHI, WATU JE?

Katika jimbo la Alaska, kaskazini ya mbali ya Marekani, lipo bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,287. Lilianza kazi mwaka 1977. Zaidi ya nusu ya bomba hilo haikufukiwa ardhini, bali imeinuliwa juu ya nguzo za chuma, kwa sababu mafuta yapitayo ndani yake yana joto, na lau yangepita chini yangeyeyusha udongo ulioganda na bomba lingepinda na kupasuka. Tena, katika nguzo hizo vimetiwa vyombo vya kupozea ardhi vyenye amonia, zaidi ya 120,000 kwa hesabu. Wakati wa baridi vyombo hivyo huvuta joto kutoka ardhini na kulitoa hewani, ili udongo ulioshika nguzo ubaki mgumu kama jiwe mwaka mzima.

Katika jimbo hilohilo viko vijiji ambavyo nyumba zake zinazama matopeni, na ambavyo watu wake wamengoja miaka zaidi ya 20 waambiwe ni nani atakayelipa gharama ya kuwahamisha. Leo twataka kulisema jambo hili waziwazi. Ardhi ya kaskazini inayeyuka, na elimu ya kuishi juu ya ardhi ya namna hiyo ipo, wala si ya jana. Lakini elimu hiyo, pamoja na fedha zake, imekwenda mbio palipo na faida, na palipo na watu wanyonge imekwenda kwa kusuasua. Hiyo si kazi ya jua wala ya baridi. Ni uamuzi wa watu, na kilichoamuliwa na watu chaweza kubadilishwa na watu.

Wengi wetu tumeijua theluji kwa kuitazama Kibo kutoka mbali. Basi yafaa kwanza tueleze ardhi hiyo ni ya namna gani. Wataalamu huita ardhi iliyoganda ile ambayo kwa miaka 2 mfululizo au zaidi haipati joto la kupita nyuzi 0 za Selsiasi. Kwa kweli sehemu yake kubwa imeganda kwa maelfu ya miaka. Imeenea Siberia, Alaska na kaskazini ya Kanada, nayo ni takriban asilimia 15 ya nchi kavu yote iliyo katika nusu ya kaskazini ya dunia. Mjini Yakutsk, Siberia, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828 akitafuta maji. Mwaka 1837 kisima kilikuwa kimefika kina cha mita 116, na udongo ulikuwa ungali umeganda. Katika sehemu nyingine za Siberia unene wa ardhi hiyo wapita mita 1,000.

Kila kiangazi tabaka la juu huyeyuka kidogo, likaota majani na kulisha wanyama. Chini yake barafu hukaa kama sakafu ya saruji ambayo maji hayawezi kuipenya. Ndiyo maana nchi hizo, ambazo mvua na theluji yake si nyingi, zimejaa maziwa na vinamasi visivyohesabika: maji hayana pa kwenda. Katika vinamasi hivyo ndege huja kutaga kutoka pande zote za dunia, na wenyeji huvua samaki, huwinda na kuchuma matunda ya porini. Barafu ndiyo sakafu ya nchi, ndiyo ukuta wa mto, na ndiyo msingi wa nyumba.

Sasa sakafu hiyo inapasuka. Tangu mwaka 1979 nchi zilizozunguka ncha ya kaskazini zimepata joto kwa kasi iliyo karibu mara 4 ya wastani wa dunia nzima. Chanzo chake kikubwa kinajulikana, nacho ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambavyo mataifa yenye viwanda yamevichoma kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Matokeo yake kwa maji ni ya ajabu, kwani mahali pengine hukauka na mahali pengine hufurika. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kulinganisha picha za setilaiti za maziwa makubwa zaidi ya 10,000 ya Siberia, zilizopigwa mwaka 1973 na tena miaka ya 1997 na 1998. Waliona kwamba idadi ya maziwa hayo makubwa imepungua kwa 1,170, na kati yake 125 yametoweka kabisa. Palipokuwa na tabaka jembamba la barafu, sakafu ilitoboka na ziwa likanywewa na ardhi. Lakini palipokuwa na tabaka nene, maziwa yaliongezeka, kwa sababu udongo wa juu ulititia na maji yakajaa katika mashimo mapya. Kwa hiyo mchungaji wa huko aweza kukuta ziwa alilolijua tangu utotoni limekuwa uwanda mkavu, na malisho aliyoyategemea yamekuwa tope ambalo mnyama hawezi kulivuka.

Mito nayo imeguswa. Katika milima ya Brooks, kaskazini ya Alaska, wataalamu walitangaza mwaka 2024 kwamba vijito na mito 75 imegeuka rangi ya kutu. Udongo ulioganda ulikuwa umeyafunika mawe yenye chuma na salfa. Ulipoyeyuka, maji na hewa vikayafikia mawe hayo, yakatoa asidi, chuma na madini mengine, vyote vikaingia mtoni. Katika kijito kimoja kinachoingia mto Akillik samaki walitoweka baada ya maji kubadilika rangi. Na eneo hilo halina mgodi wala kiwanda. Ni hifadhi ya taifa.

Haya yote yanaishia jikoni mwa mtu. Wainupiati wa pwani ya kaskazini walichimba tangu zamani maghala katika ardhi iliyoganda, wakahifadhi humo nyama ya nyangumi bila umeme wala gharama. Leo baadhi ya maghala hayo yanaingia maji na nyama inaharibika. Kijiji cha Point Lay kilikuwa kikichota maji ya kunywa katika ziwa. Mwaka 2016 ukingo wa ziwa hilo ulibomoka na maji yakakimbilia mtoni. Wayupik wa kusini-magharibi ya Alaska wanalo neno usteq, maana yake kuporomoka kwa ardhi kwa ghafula pale barafu ya ndani inapoyeyuka na mto au bahari kuichimba. Mwaka 2018 serikali ya jimbo iliingiza neno hilo katika mpango wake wa kujikinga na maafa. Wenyeji walikuwa na neno, na kwa hiyo walikuwa na elimu, kabla serikali haijaandika chochote.

Tutazame habari za Newtok, kijiji cha Wayupik wapatao 350 kando ya mto Ninglick. Mto ulikula ukingo mwaka baada ya mwaka, ukachukua jalala la kijiji, kisha gati la kushushia mizigo. Wanakijiji walipiga kura ya kuhama mwaka 1996, wakapiga tena mwaka 2001, na tena mwaka 2003. Mwaka huo wa 2003 Bunge la Marekani liliidhinisha wabadilishiwe ardhi, wakapewa Mertarvik, mahali pa juu penye mwamba, umbali wa kilomita 14 hivi. Lakini familia za kwanza zilihamia huko Oktoba 2019, na waliobaki walihama mwaka 2024. Tangu kura ya kwanza mpaka kuhama kwa mwisho ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kura hiyo alikuwa mtu mzima kabla kijiji hakijamaliza kuhama.

Kwa nini miaka 28? Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza mwaka 2003 kwamba kati ya vijiji 213 vya wenyeji wa Alaska, vijiji 184 vilikuwa vikisumbuliwa na mafuriko na mmomonyoko. Mwaka 2009 ofisi hiyohiyo ilisema vijiji 31 vimo katika hatari iliyo karibu, na kwamba katika serikali kuu hapakuwa na idara hata moja iliyopewa wajibu wa kuongoza kazi ya kuvihamisha. Idara moja ilikuwa na fedha za nyumba, nyingine za barabara, nyingine za shule, na kila moja ikangoja mwenzake aanze. Shule mpya haikuweza kujengwa mahali pasipo na watu, na watu hawakuweza kuhamia mahali pasipo na shule. Kwa mwendo huo miaka ilipita.

Bomba la mafuta halikungojeshwa hivyo. Mwaka 2021, mteremko mmoja ulioshika nguzo zake ulipoanza kuteleza kwa kuyeyuka, serikali ya jimbo iliidhinisha vipoza-ardhi vipya karibu 100 vya kuulinda. Hatusemi kwamba ilifanya vibaya. Bomba likipasuka mito na vinamasi vingeangamia. Twasema kwamba waliojua kulinda nguzo za bomba hawawezi kudai kwamba hawakujua kulinda nguzo za nyumba.

Habari za Kipnuk ni chungu zaidi. Kijiji hicho cha Wayupik kimejengwa katika uwanda wa vinamasi, juu ya ardhi iliyoganda ambayo sasa inatitia. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa imekipatia ruzuku ya dola milioni 20 hivi ili kuimarisha ukingo wa mto wake. Mwezi Mei 2025 ruzuku hiyo ikafutwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo mabaki ya kimbunga Halong yakaipiga pwani hiyo. Maji yaling'oa nyumba na kuzieleza, nyingine watu wakiwa ndani. Katika kijiji jirani cha Kwigillingok kulikuwa na vifo. Watu zaidi ya 1,000 walihamishwa kutoka vijiji vya pwani, wengi wao kwa ndege mpaka mji wa Anchorage, mamia ya kilomita kutoka makaburi ya wazee wao. Si haki kudai kwamba fedha zile zingeyazuia mawimbi ya Oktoba, kwa maana kazi ya kuimarisha ukingo yahitaji muda kupita miezi mitano. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa mwenye nyumba alikuwa ameuona ufa na kuupima, na udongo wa kuuzibia ulikuwa umekwisha kuahidiwa, kisha ukachukuliwa.

Msomaji asidhani kwamba ubaya huu ni wa dola moja tu. Twende Urusi, mji wa Norilsk, ulio kaskazini ya Siberia. Tarehe 29 Mei 2020 tangi la dizeli la kituo cha umeme kilicho mali ya kampuni ya Nornickel lilipasuka, na tani 21,000 za mafuta zikamwagika, nyingi zikaingia mito ya Daldykan na Ambarnaya ambako wenyeji wa kale wa Taimyr huvua samaki. Mara moja ilisemwa kwamba ardhi iliyoganda imeyeyuka ndipo nguzo zikazama. Lakini wakaguzi wa serikali ya Urusi walipomaliza uchunguzi mwezi Novemba mwaka huo, walitaja kasoro za ramani ya ujenzi, kasoro za nguzo zenyewe, na upungufu wa usimamizi. Mwezi Februari 2021 mahakama iliitoza kampuni hiyo ruble bilioni 146. Mfanyakazi yeyote aliyepata kuona mtambo ukianguka kwa kukosa matengenezo anaijua hadithi hii. Ardhi ilikuwa ikibadilika, na kwa sababu hiyohiyo ulinzi ulipaswa kuongezwa.

Vilevile mwaka 2016, katika rasi ya Yamal, ugonjwa wa kimeta ulizuka kati ya kulungu wa nchi za baridi, ambao Wanenet huwafuga kama sisi tufugavyo ng'ombe. Kulungu zaidi ya 2,000 walikufa, watu kadhaa walilazwa hospitali, na mtoto wa miaka 12 alifariki. Wataalamu wengi waliona kwamba joto kali la kiangazi kile liliyeyusha udongo uliokuwa umeficha vijidudu vya mizoga ya zamani. Wafugaji wetu wanaujua ugonjwa huu, na wanajua kwamba vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi na kwamba dawa yake ni chanjo. Huko Yamal chanjo ya kulungu ilikuwa imesimamishwa tangu mwaka 2007. Joto lilifungua kaburi, lakini mlango wa zizi uliachwa wazi na watu.

Kwa hiyo twaonya dhidi ya udhuru mpya ambao umeanza kusikika, yaani kwamba hali ya hewa ndiyo mkosaji na hakuna mtu wa kuulizwa. Hali ya hewa haitii saini hati ya kufuta ruzuku, na haikagui tangi wala kusimamisha chanjo. Kila penye msiba wa namna hii yapasa maswali mawili yaulizwe: joto limefanya nini, na mwenye dhamana amefanya nini? Anayejibu la kwanza na kulinyamazia la pili anamficha mtu.

Wapo wasemao kwamba vijiji hivi ni vidogo mno na gharama ni kubwa mno. Wahandisi wa jeshi la Marekani walikadiria kuhamisha Newtok kwa dola kati ya milioni 80 na milioni 130, kwa ajili ya watu 350. Kwa nini, huulizwa, watu hao wasiende mjini kila mmoja kwa njia yake? Hoja hiyo yafaa ijibiwe kwa historia. Wayupik hawakuwa watu wa kukaa mahali pamoja penye tope. Walihama kwa majira, wakifuata samaki na mnyama, na ardhi ilipobadilika walikunja makao yao. Waliofika Newtok walihamia hapo mwaka 1949, na shule ya serikali ikawekwa hapo kwa sababu ndipo mwisho wa mto ambapo mashua ya mizigo iliweza kufika. Watoto walitakiwa shuleni, wazazi wakakaa karibu na watoto, na kambi ikawa kijiji. Serikali iliyowafunga watu mahali kwa manufaa ya mashua yake haiwezi kuwaambia leo kwamba walichagua vibaya. Na kuwatawanya mijini ni kuua lugha yao, uvuvi wao na ujirani wao, mambo ambayo hayana bei katika hesabu za mhandisi.

Wananchi wa Kivalina, kijiji cha Wainupiati wapatao 400, walijaribu njia ya sheria. Mwaka 2008 waliyashtaki makampuni makubwa ya mafuta, makaa ya mawe na umeme, ikiwamo ExxonMobil, wakitaka yalipe gharama ya kuwahamisha. Mwaka 2009 mahakama ilikataa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilisema mambo ya moshi huo Bunge limekwisha kuyaweka mikononi mwa serikali kuu, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Mahakama imewaelekeza kwa Bunge na serikali. Na serikali, kama tulivyoona, huwapa leo na kuwanyang'anya kesho. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana huko Sharm el-Sheikh kuanzisha mfuko wa hasara na madhara kwa ajili ya nchi changa. Mwananchi wa Kipnuk hayumo, kwa sababu anahesabiwa kuwa raia wa taifa tajiri. Utajiri wa taifa lake haujafika mlangoni pake, lakini umemzuia kuhesabiwa miongoni mwa maskini.

Nasi wa nchi za joto tusidhani kwamba jambo hili litaishia huko. Ardhi iliyoganda imehifadhi kaboni ya mimea na wanyama wa kale ipatayo kati ya tani bilioni 1,400 na 1,600, karibu mara mbili ya ile iliyomo hewani sasa. Inapoyeyuka, vijidudu huozesha mabaki hayo na kutoa hewa ya ukaa, na ndani ya vinamasi gesi ya methani ambayo nguvu yake ya kushika joto ni kubwa zaidi. Hewa ni moja. Kinachotoka katika tope la Siberia huongeza joto lile lile linalowasumbua wakulima wa kila bara.

Basi yatupasa kusema ni lipi lifanywe. Kwanza, pawe na idara moja yenye sheria, fedha na wajibu wa kuhamisha vijiji, ili mwananchi ajue mlango wa kubisha. Ruzuku moja moja kama zile dola milioni 25 ambazo Newtok ilitangaziwa mwishoni mwa mwaka 2022 ni msaada wa kushukuriwa, lakini si haki iliyoandikwa. Pili, fedha iliyokwisha kuahidiwa kwa ulinzi wa uhai wa watu isifutwe kwa kalamu ya ofisini bila wenyewe kusikilizwa. Tatu, kila mwenye bomba, tangi au kiwanda juu ya ardhi hiyo alazimishwe kuikagua misingi yake na kuwaonyesha matokeo wafanyakazi na wenyeji. Nne, ujenzi wa makao mapya usimamiwe na watakaokaa humo, kwa maana hata Mertarvik baadhi ya nyumba mpya zimekwisha kuonyesha kasoro. Na juu ya yote, waliochafua hewa zaidi wapunguze moshi wao, kwa sababu hakuna chombo cha kupozea kitakachotosha kugandisha Siberia nzima.

Watu wa Newtok walipiga kura mara tatu, wakachagua mahali na kungoja miaka 28. Hawakuomba sadaka. Waliomba ardhi imara chini ya nyumba zao, na bomba la jirani yao lilikuwa limekwisha kuipata tangu mwaka 1977.